Tifoide Yenye Harufu ya Kitunguu

Hasara ya leo, nimeihesabu mara mbili: mayai mawili, kipande kimoja cha fromaji (jibini) ya Masisi, samaki sambaza saba, godoro moja lenye tundu la ukubwa wa sahani, na uso wangu. Uso ndio sijui bei yake. Sijawahi kuupeleka sokoni.

Marafiki wa kundi hili, leo aibu imenikuta nimelala kitandani, nimejifunika mablanketi mawili. Nawaandikia mwenyewe kabla watu wa avenyu yangu hawajawaletea habari iliyotiwa chumvi. Someni mpaka chini, kisha mnisaidie. Saa zangu si nyingi.

Mnajua kwamba nataka kumuoa Furaha wa Kiwanja, yule ambaye mama yake ananiuzia maharagwe. (Nilianza na maharagwe. Binti alikuja baadaye. Na mama hakupunguza bei hata baada ya hapo.) Ndoa yetu ni ya kanisa, na padri hatangazi jina la mtu bila barua ya shirika, yaani wakristu wa mtaa mmoja wanaosali pamoja na kuchunguzana. Shirika linaandika: huyu tunamjua, anakuja kusali, hana bibi mwingine Butembo. Barua yangu inatakiwa kufika parokia kesho, baada ya misa ya kwanza. Ikifika, Jumapili tatu za matangazo zinaenea kabla ya Kwaresima. Isipofika, hakuna harusi mpaka Pasaka ipite.

Nilipomdokezea Furaha kwenye simu kwamba huenda tukasubiri kidogo, alinyamaza sekunde kumi na moja. Nilihesabu. Halafu akasema: "Kasereka, kama unakosa ile barua, uoe maharagwe."

Basi barua haikuwa karatasi tu. Barua ilikuwa Furaha.

Mama Kanyere, kiongozi wa shirika letu, alikuwa ameniahidi: "Siku ya posho, saa tisa ya mangaribi, kuya ku nyumba. Ntatia mukono na kashe." Jumamosi saa tisa, sahihi na muhuri. Leo. Nilikuwa na kazi moja tu duniani: kufika saa tisa nikiwa mtu mwenye jina safi. Masaa tisa tu ya kutoharibu kitu! Hata mbuzi angeweza.

Asubuhi, saa kumi na mbili, firimbi ikalia. Salongo. Kila Jumamosi avenyu nzima inatoka na majembe na mifagio, inazoa mchanga mweusi kwenye mitaro, na butiki zote zinafungwa mpaka Papa Chef wa avenyu apige firimbi ya mwisho. Na mimi jana nilirudi kutoka Kiwanja juu ya magunia, mgongo wangu umehesabu kila shimo la barabara. Mvua nayo ilikuwa inanyunyiza. Nikajiambia: salongo ni ya serikali, barua ni ya kanisa. Hizi ni daftari mbili tofauti. Hazikutani popote.

(Zilikutana chini ya kitanda changu. Subirini.)

Papa Chef akagonga dirisha kwa mpini wa jembe.

"Kasereka! Lamuka! Batu bote bako inje!"

"Papa Chef, niko mugonjwa."

"Unagonjwa nini?"

"Kichwa."

"Kichwa tu? Hata miye kichwa inaniluma, na niko na firimbi mu kinywa."

Nikaongeza. "Na tumbo, Papa."

"Tumbo, bibi yangu iko nayo tangu jana. Angalia ye ule pale, anafagia mutaro."

"Na homa."

"Homa ya namna gani? Ya kujifunika tu, ao ya kutetemeka?"

"Ya kutetemeka."

Nikamsikia anapima. Mimi nauza maharagwe miaka minane, namjua mtu anayepima. Huyu alikuwa anakaribia kukubali, alihitaji kusukumwa kidogo tu.

"Na nimetapika, Papa Chef. Mara mbili."

"Mara tatu?"

"Basi iwe tatu."

"Ah! Lala, mutoto wangu. Lala."

Akaenda. Nikajikuta natabasamu gizani. Ilinichukua dakika nzima kuelewa nilichofanya: mara ya kwanza katika maisha yangu nimebishana bei na mtu, na ni mimi niliyekuwa naipandisha. Nimelipa ugonjwa mkubwa kwa likizo ndogo. Kichwa na tumbo vingetosha, kama ningengoja.

Na ugonjwa ulionunuliwa hivyo haukai mahali pamoja. Nimekuja kujua baadaye jinsi habari ilivyokua njiani: kwenye mtaro wa kwanza nilikuwa na homa. Kwenye mtaro wa tatu ilikuwa tifoide. Walipofika kwenye bomba la maji, nilikuwa sijasema neno tangu juzi na mashavu yameingia ndani.

Mimi sikujua lolote. Mimi nilisikia njaa.

Mkate hakuna, butiki zimefungwa. Na hata zingekuwa wazi, mtu aliyetapika mara tatu haonekani barabarani anauliza mikate mirefu. Nikafungua frigo. (Frigo yangu niliinunua kwa bei nzuri kwa sababu mlango haushiki. Naufunga kwa mpira wa pikipiki. Watu wanacheka, lakini mpira haudai matengenezo.) Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, basi nikawasha tochi ya simu na kufanya hesabu.

Mayai mawili. Sambaza nane. Nikahesabu tena: saba, ya nane ilikuwa mkia tu. Sombe, yaani kisamvu, vijiko viwili, iliyobaki tangu Alhamisi. Kiazi kimoja kilichochemshwa. Nusu ya kitunguu iliyoanza kujikunja. Bugali ya juzi, ambayo ungeweza kuikata matofali ukaongeza ukuta wa parsele, ua wa nyumba. Na fromaji ya Masisi: ile sehemu ya pembeni yenye ngozi, ambayo wenye pesa wanaikata na kuitupa, na mimi naiomba kama matabishi, nyongeza ya bure, kila ninaponunua.

Mtu mwingine angeona mabaki. Mimi niliona mtaji.

Nikawasha mbabula, jiko la makala (makaa), ndani, karibu na mlango, kwa sababu ya mvua. Nikajifunga kitenge kiunoni. Nikatia mafuta ya mawese kwenye kikaango mpaka yakaanza kuimba. Nikakata bugali vipande kama vidole, nikavikaanga mpaka vikavaa ngozi ngumu ya dhahabu. Nikaongeza kitunguu. Jamani, kitunguu! Nikaponda kiazi juu yake, nikatandaza sombe, nikazilaza sambaza saba ubavu kwa ubavu kama abiria wa lori. Nikapiga mayai mawili kwa pilipili mpaka yakaonekana kama matatu. Nikamimina. Juu nikakwangua fromaji yote, pamoja na ngozi.

Sasa niwaeleze, kwa sababu hapa ndipo kifo changu kilipo: siri ya chakula kama hiki ni kugeuza. Unageuza mara moja tu. Ukiwahi, kinavunjika. Ukichelewa, chini kinakuwa makala na juu kinabaki uji. Unasubiri yai lishike pembeni, unapitisha mwiko chini, halafu, hop! Fromaji inagusa chuma na kufanya ukoko.

Nilikuwa nimebakiza dakika tano hivi kufika kwenye hop.

Firimbi ya mwisho ikalia. Vizuri, nikasema, salongo imekwisha, kila mtu anarudi kwake. Nikasikia miguu. Miguu mingi. Haikurudi kwake. Ilikuja kwangu. Na katikati ya miguu nikasikia sauti ya Mama Kanyere ikianzisha wimbo, polepole, ule wanaouimba wakienda kumuona mtu ambaye hawana hakika watamkuta.

Nikachungulia kwenye mwanya wa mbao. Shirika zima! Wametoka moja kwa moja salongo, mifagio mabegani, matope mpaka magotini. Nikawahesabu: kumi na wanne. Nikahesabu tena: kumi na watano, Papa Chef alikuwa nyuma na ndoo. Mama Kanyere mkononi alikuwa na kilo ya sukari, machungwa manne na chupa ndogo ya maji ya baraka.

"Hodi hapa! Hodi ku mugonjwa!"

Nyumba yangu ni chumba kimoja. Mbabula haiingii frigoni, nilifikiri hata hilo. Dirisha liko upande waliosimama. Kitanda changu nimekiinua juu ya matofali ili nipate nafasi ya magunia, na magunia jana nimeyaacha kwenye depo. Basi nikafanya jambo ambalo wakati ule lilikuwa na akili: nikashika mbabula kwa ncha ya kitenge, na kikaango juu yake vilevile, nikasukuma yote chini ya kitanda. Nikaruka. Mablanketi mawili mpaka kidevuni. Macho nusu.

"Ka... karibuni," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetapika mara tatu. (Mara nne, kwa bei ya wakati ule.)

Waliingia wote. Chumba kikajaa hata ukuta wa mbao ukalia. Mama Kanyere akakaa kwenye kiti pekee. Nyuma yake akasimama Papa Paluku, dereva mzee wa malori aliyestaafu. Na karibu kabisa na mto wangu akasimama Mama Zawadi, ambaye amekaanga sambaza kwenye kona yetu tangu mimi sijahamia Goma. Watu kumi na watano, na aliyeweka pua karibu na chakula changu ni yeye! Bahati yangu haijawahi kunipunguzia hata siku moja.

"Mutoto wangu," Mama Kanyere akasema, "unajisikia namna gani?"

"Kidogo, Mama."

"Ulikula?"

"Hapana, Mama." (Hilo lilikuwa kweli. Ndilo neno la kweli pekee nililokuwa nimesema tangu asubuhi, na niliumia kulisema.)

Akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Sasa, ndugu zangu, muelewe hali ya chini. Makala yalikuwa yamewaka vizuri, mimi sinunui makala mabaya. Mbao za kitanda zilianza kupata moto. Joto likapita godoro, likapita shati, likafika kwenye mgongo uliotoka Kiwanja. Jasho likanitoka kwenye kichwa, kwenye shingo, ndani ya masikio.

"Yesu wangu!" Mama Kanyere akarudisha mkono. "Batu, kuyeni muguse! Huyu mutoto anawaka!"

Wakagusa. Mmoja mmoja, kwa foleni.

"Anawaka kweli."

"Njo tifoide hii. Inaanzaka hivi hivi."

"Na hii harufu?" mtu akauliza kutoka mlangoni.

"Jirani bako napika," nikajibu upesi. Upesi kupita mgonjwa. Mama Zawadi akaniangalia kwa jicho moja.

"Tusali," Mama Kanyere akasema. "Papa Paluku, utuongoze."

Hapo roho yangu ilishuka kidogo, kwa sababu Papa Paluku namjua. Watu wote wa shirika wanamjua. Ameendesha lori la Goma na Butembo maisha yake yote, na maombi yake yanapita barabara ileile. Haruki mahali. Anaanzia Goma, anawaombea watu wa Kibumba, anaenda Rumangabo, Kalengera, Rutshuru, Kiwanja, na hivyo hivyo mpaka Butembo kwao, ambako anawataja ndugu zake kwa majina na wagonjwa wao. Ni maombi ya dakika ishirini, barabara ikiwa kavu. Siku nyingine za shirika nimeyalalamikia. Leo niliona ni zawadi. Kila mtu atafumba macho!

Kwa sababu chini yangu, chakula kilikuwa kinaniita. Nilisikia yai linashika pembeni. Linatoa ule mlio mdogo, tss, tss, unaosema: sasa.

Wakafumba macho. Wakainamisha vichwa.

"Ee Bwana," Papa Paluku akaanza, "tuko hapa Goma, mu hii nyumba ya mutoto wako Kasereka..."

Nikapiga hesabu. Goma, dakika mbili. Kibumba, dakika mbili. Nigeuze sasa? Hapana, subiri wazame vizuri. Kwenye mbao za kitanda joto likazidi. Nikainua kiuno kidogo, nikakishusha. Mtu akanung'unika kwa huruma, "Anatetemeka."

"...Bwana, uangalie na batu ba Kibumba, mashamba yabo, watoto babo..."

Harufu ya mawese ikabadilika. Mpishi anajua. Kuna harufu ya kuiva na kuna harufu ya kuelekea. Hii ilikuwa inaelekea.

"...uangalie Rumangabo, bale benye kulinda pori, na bale benye kulima pembeni ya pori..."

Kisha, karibu kabisa na sikio langu, nikasikia mnong'ono. Ni Mama Zawadi. Amefumba macho, mikono imekutana kifuani, midomo inacheza. Nilifikiri anasali. Nikasikiliza vizuri.

"Inaungua," alikuwa ananong'ona. "Inaungua upande ya chini. Mutu ageuze. Bwana, mutu ageuze."

Mayai mawili, marafiki! Fromaji yote! Sambaza saba! Nikapiga hesabu ya mwisho: tumetoka Rumangabo, tunaelekea Kalengera. Baada ya hapo Rutshuru, halafu Kiwanja ambako Papa Paluku ana marafiki wengi, na bado Butembo nzima iko mbele. Nilikuwa na dakika kumi na mbili kwa uchache. Kugeuza ni sekunde tatu. Nikahesabu tena. Ilitoka vilevile.

Nikatoa mkono kwenye blanketi. Polepole. Nikashusha bega. Nikapapasa chini ya kitanda mpaka nikaupata mwiko, umelala kwenye ukingo wa kikaango ambako niliuacha. Nikaupitisha chini ya omeleti. Ilikuwa imeshika vizuri, nzito, mviringo, inasogea yote kwa pamoja. Kichwa changu kilikuwa kinaning'inia kando ya kitanda, miguu hewani upande wa pili.

"...Bwana, na sasa tunafika Kalengera," Papa Paluku akasema. Halafu sauti ikapunguka. "Pale Kalengera, Bwana, unakumbuka, njo pale nilikuwa nasimamisha lori. Kulikuwa mama moja, alikuwa anakaangaka..."

Akavuta pumzi kwa pua. Ndefu.

"Bwana, unisamehe. Nasikia njaa. Amina."

Amina! Kalengera! Mtu amepita barabara ile miaka yote hiyo, hajawahi kukomea Kalengera hata lori lilipoharibika!

"Amina," wakajibu kumi na wanne, na wakafumbua macho.

Na wakati huohuo, kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha kuanza na hauna akili yake, nikageuza. Hop.

Iligeuka vizuri. Niseme ukweli, haijawahi kugeuka vizuri hivyo. Fromaji ikagusa chuma na kulia tssssss, kwa sauti iliyojaza chumba chote. Nikainua kichwa. Watu kumi na watano walikuwa wananiangalia. Mgonjwa amening'inia kitandani kama taulo, shavu jekundu, mwiko mkononi, na kwenye ncha ya mwiko uzi wa fromaji unavutika taratibu mpaka sakafuni.

Nikahesabu sekunde. Nilifika kumi na moja.

Papa Chef ndiye aliyevunja kimya. Akainama, akaangalia chini ya kitanda, akainuka.

"Bon," akasema. "Miye nilisikiaka tifoide ya tumbo, na tifoide ya kichwa. Hii tifoide ya kitunguu njo naona leo."

"Papa Chef, naweza kueleza..."

"Eleza."

Sikupata nafasi. Katikati ya magoti yangu moshi ulikuwa unapanda, mwembamba, umenyooka. "Matela!" Mama mmoja akapiga kelele akionyesha godoro. "Matela inawaka!" Nikaruka na kitenge changu kiunoni. Mama Kanyere akafungua chupa ya maji ya baraka akanyunyiza. Hayakutosha, ilikuwa chupa ndogo. Papa Chef akamalizia na ndoo. Ndoo ya salongo, jamani. Sitasema ndani yake kulikuwa nini. Ilikuwa imetoka kwenye mtaro, na mtaro ulikuwa umefagiwa vizuri sana, na watu wote isipokuwa mimi.

Moto ukazimika. Omeleti haikuguswa na tone hata moja, kwa sababu Mama Zawadi alikuwa amekwisha kuivuta kutoka chini ya kitanda na kuifunika kwa sahani. Watu walimuokoa mgonjwa baadaye. Chakula kwanza.

Akaionja.

"Imekosa chumvi kidogo," akasema. "Lakini huyu mutoto iko na mukono."

"Batu banafagia tangu saa kumi na mbili," Mama Kanyere akasema kwa sauti ya utulivu iliyonitisha kuliko kelele, "na mikate hakuna, butiki hazijafunguka bado. Mama Zawadi, gawanya."

Akagawanya. Nikahesabu vipande: kumi na vitano. Nikahesabu tena kwa matumaini: kumi na vitano. Nikanyoosha mkono kwenye kile cha mwisho, na Papa Paluku akakichukua kwa upole mkubwa.

"Apana, mutoto wangu. Mugonjwa hakulake mafuta."

Wakala wamesimama, mifagio ikiegemea ukuta wangu. Papa Paluku alifumba macho akitafuna. Nadhani alifika Kalengera. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chenye maji, napiga chafya. (Ya kweli. Hakuna aliyeniuliza habari yake.)

Walipomaliza, Mama Kanyere akachukua sukari yake. Akachukua machungwa yake manne. Nikajua ni sasa ao basi tena. Nikapiga magoti, nikiwa nimelowa vile vile.

"Mama, unisamehe. Nilidanganya. Siko mugonjwa, niko muvivu. Lakini barua... Kama kesho haifike, Furaha ananiacha. Unilipishe chochote. Nifagie mutaro peke yangu mwezi muzima. Lakini Mama, barua."

Akanitazama muda mrefu. Watu wote wakamtazama yeye. Mama Zawadi akasema kwa sauti ndogo, "Mama, iko na mukono kweli," na nikampenda tangu hapo mpaka siku nitakayokufa.

"Barua ntakupa," Mama Kanyere akasema. "Shirika haliwezi kuzuia ndoa ya mutu juu ya omeleti. Lakini mimi ni mutu wa kanisa. Ntaandika kile niliona."

Akaketi. Akatoa karatasi, akatoa kalamu. Aliandika mbele yetu wote, akisoma kila neno kwa sauti, na Papa Chef akiitikia kwa kichwa kama karani. Nikajaribu kupunguza. Nilisema, Mama, sentensi ya tatu si ya lazima. Akaitazama, akakubali kwamba haikuwa wazi, akaiongezea maelezo. Kuna wafanyabiashara ambao hupaswi kufungua kinywa mbele yao.

Akatia mkono. Akatia muhuri. Nina barua hapa mezani, inakauka, nawanakilia kama ilivyo:

"Kwa Padri wa parokia. Sisi wa shirika tunamjua Kasereka. Hana bibi mwingine. Leo asubuhi tulienda kumuombea kwa sababu alikuwa na tifoide, tukamkuta anakaanga mayai chini ya kitanda wakati wa maombi, na kitanda kikawaka. Ameomba msamaha akiwa amepiga magoti. Anapika vizuri, wanashirika kumi na watano wanashuhudia. Tunaona anaweza kuoa, lakini tunaomba Padri amuulize mwenyewe, mbele ya mchumba wake na mama wa mchumba, ugonjwa ule ulikuwa wa namna gani."

Furaha amekwisha kupanda gari huko Kiwanja. Anakuja na mama yake, wanafika jioni, wanataka kwenda parokia pamoja nami kesho. Amenitumia ujumbe: "Barua umepata?" Nimejibu ndiyo. Ameandika tena: "Piga foto nione." Imepita nusu saa.

Sasa, mlio na akili, nishaurini upesi. Nimtumie foto ya barua aisome garini, mahali ambapo hawezi kushuka? Ao ningoje aisikie kwa Padri, mahali ambapo hawezi kupiga kelele? Na kama kuna mwenye godoro la watu wawili la kuniazima tangu leo mpaka siku ya jibu la Furaha, nalihitaji. Wa kucheka nimekwisha kuwapata, walikuwa kumi na watano, na walikula kwanza.